Mwalimu, Unamfundishia Nani?

(Hotuba niliyoitoa kwenye mkutano wa wahadhiri na wanafunzi wa dini mbalimbali. Naiandika nzima kwa ajili ya waliokwama na mvua Jumamosi ile. Picha za ukutani nimeziacha. Hata waliokuwepo hawakuziona, maana projekta ilizimika kwenye ya pili.)

Mwenyekiti wa kikao, masheikh wetu, baba paroko, wachungaji, wahadhiri wenzangu, na ninyi vijana mliosimama huko nyuma kwa kukosa viti: Assalaam alaykum. Tumsifu Yesu Kristo. Bwana Yesu asifiwe. Na ambaye sijamfikia kwa salamu yake, habari za asubuhi.

Nimepewa mada ndefu: dini na lengo la ufundishaji wa chuo kikuu. Barua ilipofika nilimpigia mwenyekiti simu nikamwambia, mwanangu, mmekosea mtu. Mimi nimefundisha kemia miaka thelathini na moja. Dini naijua ya kunitosha mimi na jikoni kwangu. Akacheka, akasema, "Mama, ndiyo maana tumekuita wewe. Masheikh na mapadri tumeshawasikia." Haya, nimekuja. Aliyetarajia mawaidha asinilaumu.

Nianze na bibi yangu mzaa mama, wa Pangani. Nilipochaguliwa kwenda Mlimani nilikwenda kumuaga. Alikuwa anapepeta mchele. Nikamwambia, "Bibi, naenda chuo kikuu." Akauweka ungo chini, akanitazama. "Chuo kikuu? Kwani kile kidogo hukukimaliza? Si ulihitimu msahafu hapa hapa kwa maalim?"

Nilicheka njia nzima mpaka kivukoni. Kwake yeye, chuo kilikuwa ile baraza ya maalim, watoto wamekaa mkekani na juzuu zao, wanayumba na kusoma. Nikajiona msomi, na bibi mshamba.

Leo nina umri aliokuwa nao siku ile, na naona mshamba nilikuwa mimi. Sikilizeni maneno yetu wenyewe. Chuo, zamani, maana yake ilikuwa kitabu; ule Utenzi wa Tambuka ulioandikwa Pate mwaka 1728, wenyewe waliuita Chuo cha Herekali. Kuhitimu tumekutoa kwenye khitma ya msahafu. Joho lilikuwa vazi la masheikh na watu wa enzi kabla ninyi hamjaanza kulikodi kwa siku moja ya mahafali. Mtihani? Mama wa pwani akifiwa, majirani humwambia "huu ni mtihani", na hawamaanishi karatasi ya saa tatu. Mhadhara hutolewa kwenye ukumbi wa Yombo pale Mlimani na mwenye shahada ya uzamivu, na hutolewa uwanjani na mhubiri mwenye spika mbili. Na shahada, ndugu zangu. Shahada! Mtu huingia katika Uislamu kwa shahada, na mwanafunzi hutoka chuo kikuu kwa shahada. Neno ni lile lile. Hilo liwekeni, nitalirudia.

Tunaye mwanachuo, na tunaye mwanachuoni. Wa kwanza ana kitambulisho shingoni na anasubiri bumu, yaani pesa za mkopo, liingie. Wa pili ni mtu mzima wa elimu ya dini, ambaye akiulizwa jambo hunyamaza kwanza. Kimaandishi wanatenganishwa na herufi mbili tu. Je, ni herufi mbili kweli? Au ni bahari nzima?

Niwatoe hofu baadhi yenu, maana naona nyuso. Sikuja kuomba chuo cha umma kigeuzwe madrasa, wala seminari. Lakini nawauliza: nani hapa anajua kwa nini vyuo vyetu vya umma havimuulizi mtu dini? Nimesikia kijana mmoja akisema ni ukafiri tulioletewa na wazungu. Sivyo, mwanangu. Kisa chake kinaanzia kwenye mlango uliofungwa.

Mpaka katikati ya karne ya 19, kijana aliyetaka kuandikishwa Oxford alitakiwa kwanza atie saini kwamba anakubali Vifungu 39 vya imani ya Kanisa la Uingereza. Mkatoliki, nje. Myahudi, nje. Mbaptisti asiyetaka kudanganya kwa kalamu, nje. Mwaka 1826 kikaanzishwa chuo London ambacho hakikumuuliza mtu anasali wapi. Waliokichukia wakakipa jina: chuo kisicho na Mungu cha mtaa wa Gower. Wengine wakajibu mwaka 1829 kwa kuanzisha King's College, cha Kanisa, mji huo huo. Mwaka 1836 ikapatikana suluhu: Chuo Kikuu cha London, chombo cha kutahini na kutoa shahada, kikavihudumia vyote viwili bila kuuliza imani. Oxford na Cambridge zenyewe zilisubiri sheria ya mwaka 1871 ndipo zikafungua kikamilifu.

Sasa tazameni inavyotuhusu. Chuo cha Dar es Salaam kilipoanza Oktoba 1961, ndani ya jengo la TANU mtaa wa Lumumba, na kitivo kimoja tu cha sheria, kilikuwa chini ya London. Shahada za mwanzo za Makerere zilikuwa za London. Nairobi vilevile. Yaani huko kutouliza dini tulikurithi, kwa sehemu kubwa, kutoka kwa watu waliokuwa na dini na wakafungiwa nje kwa sababu ya dini hiyo hiyo.

Mlango uliofungwa naujua kwa jina. Au niseme, kwa kukosa jina. Baba yangu mdogo, miaka ya arobaini, alipelekwa shule ya misheni ya mbali kwa sababu karibu na kwetu hapakuwa na nyingine. Siku ya kwanza akaandikwa kwenye daftari jina ambalo halikuwa lake. Alisoma vizuri. Alirudi likizo anajua hesabu za sehemu na mashairi ya Kiingereza, na babu akakaa miezi hamwiti kwa jina lolote: si lile la zamani, si lile jipya. "We kijana," basi. Shule siitaji, haikuwa peke yake, na baadaye, mwaka 1969, serikali ilizitaifisha. Ila mzee wangu yule mpaka anazikwa akiitwa kwa jina, alikuwa anachelewa kidogo kugeuka.

Lakini sisi wa upande wa pili tusijipake mafuta. Lamu, mwishoni mwa karne ya 19, elimu ya juu ya dini ilikuwa mali ya watoto wa waungwana. Mtumwa alifundishwa kiasi cha kumtosha kuswali, hapo hapo kikomo. Akaja sharifu kutoka Ngazija, Habib Swaleh, akakaa pembezoni mwa mji na kuanza kuwasomesha watumwa, wageni na kila asiye na ukoo wa kujivunia. Waungwana wakachukia kweli kweli. Wakaona elimu inatupwa. Msikiti wake wa Riyadha leo mnaujua. Maulidi ya Lamu hukusanya watu pwani nzima, na sidhani kama kuna anayeulizwa langoni babu yake alikuwa nani.

Nimekisema hiki kwa sababu nimekaa kwenye vikao vya ajira. Nimesikia ule mnong'ono: "Huyu ni wa kwetu." Mmeusikia na ninyi, msitazame chini. Dini ikija chuo kikuu kufanya kazi ya ubawabu, mimi siitaki, hata ikiwa ni yangu.

Basi kama si mlangoni, ikae wapi?

Nitawapa kisa cha mwalimu mwenzetu. Abu Hamid al-Ghazali, mtu wa Tus, huko Khorasan, nchi ambayo leo ni Iran. Akiwa kijana alikwenda kusoma Jurjan, akaandika madaftari kwa madaftari ya aliyoyasikia kwa walimu. Njiani kurudi, msafara ukavamiwa na wanyang'anyi. Wakachukua kila kitu. Wengine walikimbia, yeye akawafuata. Mkubwa wao akageuka: rudi, la sivyo utakufa. Ghazali akamwambia, sitaki mali, nirudishieni madaftari yangu tu, nilisafiri kwa ajili ya elimu iliyomo. Yule jambazi akacheka. Akamuuliza, unadaije kuwa una elimu, na sisi tumekunyang'anya mfuko tu, ukabaki huna kitu? Akamtupia madaftari yake.

Wanafunzi! Jambazi yule angefika hapa leo, kwenye vimbweta, akakusanya madesa yote na simu zote, angemwacha nani na elimu yake?

Na wahadhiri msicheke, kuna wenzetu wanafundisha kwa madaftari yaliyopauka tangu walipoajiriwa. Jambazi angewafunga mdomo muhula mzima.

Ghazali alikwenda nyumbani akatumia miaka mitatu kuyaingiza yote kifuani. Lakini kisa kikubwa kiko mbele. Mwaka 1091 akateuliwa kufundisha Nizamiyya, madrasa kuu ya Baghdad, na hapakuwa na kiti kikubwa kuliko hicho. Umri wake haujafika thelathini na tano. Wanafunzi wake mia tatu. Mawaziri wanamsikiliza. Tungesema leo, profesa kamili, na picha kwenye kalenda ya chuo.

Miaka minne baadaye ulimi ukagoma.

Ameandika mwenyewe. Alijichunguza nia yake ya kufundisha, akakuta haikuwa kwa ajili ya Mungu. Kilichokuwa kinamsukuma ni cheo na sifa. Akawa na vita ndani yake karibu miezi sita, leo anaamua kuondoka, kesho anaahirisha. Siku moja anataka kufundisha, kuwaridhisha tu wale waliokuja, na neno halitoki. Hawezi kusema. Kisha chakula hakipiti. Matabibu wakakata tamaa, wakasema ugonjwa huu umeingia kutokea moyoni. Mwaka 1095 akagawa mali, akaacha ya kuwatosha watoto, akaaga kwamba anakwenda Makka, akapotelea Damascus na Jerusalem akiwa fakiri anayeishi kwa ibada.

Nilikisoma kisa hiki mara ya kwanza nikiwa kwenye foleni ya kupandishwa daraja. Najua wangapi hapa wako kwenye foleni hiyo sasa hivi. Tunapandaje? Kwa makala. Makala ngapi, jarida gani, nani amekunukuu. Nimekaa miaka thelathini na moja, na sijawahi kuona mhadhiri aliyepanda kuwa mwandamizi kwa sababu wanafunzi wake walielewa. Sijawahi! Kuelewa kwa mwanafunzi hakuna safu kwenye fomu. Sasa mwenzetu yule alikuwa anafundisha vizuri, mia tatu wanamfuata, na bado alijiona mgonjwa. Sisi tunaofundisha kwa kulipua ili tuwahi kumaliza makala, tungekuwa na ulimi kama wake, chuo kizima kingekuwa kimya.

Na alirudi kufundisha, msisahau hilo. Miaka kumi na moja baadaye, 1106, Nishapur. Akasema, zamani nilifundisha elimu inayoleta cheo, na sasa nafundisha ile ya kukiacha. Mwalimu yule yule, na yawezekana kurasa zilikuwa zile zile. Nia ndiyo iliyogeuka.

Huyo ni wetu. Nije kwa wenzetu Wakristo, nisije nikaambiwa nimependelea. Miaka ya 1820, kasisi kijana wa Kianglikana aitwaye John Henry Newman alikuwa mkufunzi Oriel College, Oxford. Yeye alishika kwamba mkufunzi ni mchungaji: ukikabidhiwa kijana, umekabidhiwa mtu mzima mzima, na si somo lake tu. Mkuu wa chuo, Edward Hawkins, hakutaka hivyo. Kwake ukufunzi ulikuwa kusomesha darasa, na wanafunzi wagawanywe kwa wakufunzi wote. Wakavutana. Newman hakulegeza. Hawkins hakumfukuza, alifanya jambo la kimya kimya ambalo ninyi mnaofahamu siasa za idara mtalitambua: aliacha tu kumpelekea wanafunzi wapya. Waliokuwepo wakamaliza mmoja mmoja, mpaka mkufunzi akabaki hana wa kumfundisha.

Newman huyo baadaye aliingia Ukatoliki, akawa kadinali, na mwaka 2019 akatangazwa mtakatifu. Sasa mtu wa namna hiyo, aliposimama Dublin mwaka 1852 kueleza kazi ya chuo kikuu, ungetarajia aseme nini? Kwamba chuo kikuu kinatengeneza watakatifu? Hakusema. Alisema elimu ni kitu kimoja na wema ni kitu kingine. Kutegemea elimu ipambane na tamaa na kiburi cha mwanadamu, akasema, ni kama kuchonga mwamba kwa wembe, au kufunga chombo gatini kwa uzi wa hariri. Mimi ni mtoto wa Pangani, jahazi likivutwa na maji ya kupwa nimeliona linavyokata kamba ya usumba. Uzi wa hariri!

Kwa hiyo msiniambie kwamba tukiongeza kozi ya maadili ya saa mbili kwa wiki, tutakuwa tumemaliza ufisadi nchini. Tutakuwa tumeongeza kozi. Nilifanya kazi na mhadhiri mmoja aliyekuwa anafungua kila kipindi kwa maombi ya dakika kumi, kwa sauti, macho yamefumbwa. Watu wakamsifu. Kisha wiki tatu hakuonekana darasani. Alikuwa na semina zenye posho. Wanafunzi wale walihitaji zile dakika kumi ziwe za somo, na zile wiki tatu ziwe na mwalimu.

Na ninyi wanafunzi msifurahi mno, swali la "kwa ajili ya nani" ni lenu pia. Mwalimu Nyerere, mtu asiyekosa misa, alikuwa na mfano wake: mtu wa chuo ni kama mtu aliyepewa chakula chote kilichobaki kijijini wakati wa njaa, ili apate nguvu za kwenda mbali kuleta chakula kingine. Akila na asirudi, huyo ni msaliti. Oktoba 1966 wanafunzi waliandamana na majoho yao mpaka Ikulu kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa, likiwemo la kukatwa mshahara. Karibu 400 wakarudishwa makwao siku hiyo, na Rais akakata mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Kwangu mimi ile adhabu ilizidi. Ungeweza kuwakemea bila kuwafukuza. Ila lile joho barabarani silisahau. Joho la mwanachuoni, limevaliwa kudai mshahara usiguswe.

Niingie maabara sasa, nyumbani kwangu.

Nilikuwa nafundisha namna ya kupima umri wa miamba. Potasiamu-40 hugeuka polepole sana, na sehemu yake huwa gesi ya agoni. Nusu uhai wake ni kama miaka bilioni 1.25. Volkano inapotapika, ule moto hufukuza agoni yote ya zamani. Mwamba ukipoa, saa inaanza kuhesabu upya. Pima agoni iliyojikusanya, utajua mwamba una miaka mingapi. Kwa njia hiyo, mwaka 1961, majivu ya volkano ya Oldupai, pale Mary Leakey alipookota fuvu la Zinjanthropus Julai 1959, yalipimwa yakakutwa na umri wa miaka milioni 1.75.

Baada ya kipindi kijana mmoja akanifuata ofisini. Amesimama, hataki kukaa. "Mwalimu, kwetu tumefundishwa dunia ina miaka elfu sita. Baba yangu ni mchungaji. Nikiandika hii milioni kwenye mtihani, nitakuwa nimekana?"

Mngemjibu nini? Kuna mhadhiri angemcheka, na darasa zima lingecheka kesho yake, na kijana asingeuliza tena swali lolote maisha yake yote. Kuna mwingine angemwambia, usijali mwanangu, andika tu upate alama, moyoni amini lako. Huyu wa pili naye namwogopa, maana anamfundisha mtoto kusema asichokiamini ili apate cheti, na nchi hii watu wa namna hiyo tunao wa kutosha, hatuhitaji chuo kuwazalisha.

Nilimwambia akae. Nikamwambia, mtihani wangu hautakuuliza unaamini nini. Utakuuliza njia hii inafanyaje kazi, na wapi inaweza kukosea. Hayo uyajue kuliko mimi. Kisha nikamwambia, na mimi nina msahafu nyumbani, na naswali, na milioni 1.75 haijanitoa mswalani. Namna ulivyozipanga mbili hizi kifuani ni kazi yako, mimi siwezi kukufanyia, na baba yako hawezi. Nikampa kazi ya ziada: aniandikie kila sababu inayoweza kuifanya ile saa ya agoni idanganye. Aliniletea kurasa tisa. Zilikuwa kurasa bora kuliko zote za mwaka ule, kwa sababu yeye pekee darasani alikuwa na jambo la kupoteza.

Nembo ya Mlimani imeandikwa "Hekima ni Uhuru". Tulikuwa tunaivaa kwenye fulana bila kuisoma. Mimi nimeisoma siku ile, kwenye kurasa tisa za mtoto wa mchungaji.

Sasa lile neno nililowaambia mliweke. Shahada.

Shahada ni ushahidi. Chuo kinaposaini cheti, kinasimama mbele ya watu na kusema: tunashuhudia, huyu anajua. Mgonjwa hatamtahini daktari kabla ya kulala kitandani, hana uwezo huo. Mwenye nyumba hatamtahini mhandisi. Wanaamini ushahidi wetu. Na katika vitabu vyetu vyote viwili, mmoja wa watu waliokemewa sana ni shahidi wa uongo, na mwingine ni yule apunjaye mizani. Kuna sura nzima ya Qurani inayoanza kwa ole kwa wapunjao. Mithali 11 inasema mizani ya hadaa ni chukizo kwa Bwana. Mimi ni mtu wa mizani, nimepima miligramu maisha yangu yote, aya hizo zinanihusu kikazi.

Na hapa nitasema jambo ambalo baba paroko na masheikh watanisamehe. Rushwa ya ngono. Mnajua ninachosema. Binti anaambiwa, alama zako ziko kwangu, njoo uzichukue mahali fulani. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 ina kifungu chake, cha 25, kinaitaja waziwazi kuwa ni kosa. Lakini niwaulize, vyumba vyetu vya swala vimejaa Ijumaa au havijajaa? Kwaya zina watu au hazina? Basi hao wanaowaita mabinti, siku ya Ijumaa na Jumapili huwa wako wapi? Nimemsikiliza binti akilia ofisini kwangu, na mtu aliyemtaja nilikuwa namfahamu kwa alama ya sijda kwenye paji la uso. Nilikwenda naye kwa wakubwa. Ilichukua muda mrefu, na sitasema ilivyoishia, kwa sababu yeye hakunipa ruhusa ya kusema. Nasema tu kwamba siku ile ndipo nilipojua dini yangu kazini inatakiwa ikae wapi: kwenye kalamu nyekundu na kwenye mlango wa ofisi ulioachwa wazi.

Msinipigie makofi. Nilikusudia kumaliza na langu mwenyewe.

Miaka mingi iliyopita nilikuwa nasahihisha karatasi za mwaka wa tatu, kozi ya uchambuzi wa maji. Kuna kijana alipata 36. Kufaulu ni 40. Mwaka uliotangulia alishakula supu, yaani mtihani wa marudio, kwenye kozi hiyo hiyo. Hii ilikuwa ya kudisko, kuondolewa chuoni. Ikaja barua kutoka kwa mtu mkubwa. Barua ya heshima sana, haikuomba chochote, ilinijulia hali tu, ikanikumbusha kwamba kijana ni yatima. Na kweli alikuwa yatima. Nikaichukua karatasi tena. Nikatafuta alama nne. Mnajua zinavyotafutwa: moja hapa kwa jitihada, mbili pale kwa kuwa amekaribia, moja kwa mchoro. Swali alilokosa lilikuwa la klorini: kiasi gani kiwekwe ili maji yawe salama, na utajuaje kwamba kimebaki cha kutosha mwisho wa bomba. Hakulijua kabisa. Nikaandika 40, nikasaini. Usiku ule niliswali vizuri tu, niliona nimemsaidia yatima.

Kijana akahitimu, akavaa joho, mama yake mlezi akaja kunishukuru na kuku wawili. Akapata kazi. Siku hizi ni mtu wa maabara ya maji katika mji mmoja ambao sitautaja. Mji mzuri, una watu wengi. Nina ndugu zangu kule, huwa nakwenda kila mwaka. Wananiletea glasi ya maji sebuleni, yametoka bombani, ya baridi. Wao wanakunywa. Watoto wanakunywa. Mimi nasema naomba chai.

Adhuhuri imekaribia, na nimeambiwa chakula kipo. Maswali tutayachukua tukirudi. Yule kijana aliyesema lile la ukafiri wa wazungu aanze. Asanteni kwa kunisikiliza.